Taa ya kijani inawaka, betri imepita tarehe: EPIRB ya boti yako ifanyiwe nini?

Swali: Nina boti ya mbao ya abiria na mizigo, natoka Kirumba kwenda visiwani. Nilinunua EPIRB iliyotumika, kile kifaa cha kurusha ishara ya dharura kwa setilaiti chombo kikipata ajali, kwa mtu aliyeileta kutoka Uingereza. Ubavuni imeandikwa betri mwisho wake Juni 2024, lakini nikibonyeza kitufe cha kujaribu, taa ya kijani inawaka vizuri kabisa. Fundi wa simu pale mjini anasema ataifungua na kuniwekea betri nyingine za lithiamu kwa bei nafuu. Nimwachie? Na hiki kifaa cha baharini kinafanya kazi kweli hapa ziwani?
Nahodha, Mwanza

Jibu:

Ndugu nahodha, usimwachie. Huyo fundi anaweza kuwa hodari sana, na simu yako mpe bila wasiwasi. Ila EPIRB ikishafunguliwa nje ya karakana yenye vipimo vyake, hakuna mtu, hata yeye aliyeifungua, anayeweza kukuhakikishia kwamba itazuia maji na kurusha ishara kwa nguvu inayotakiwa. Na wewe unabeba abiria.

Tuanze na hiyo taa, maana ndiyo inayowapumbaza wengi. Taa ya kijani inajibu swali dogo: kwa sekunde hizi chache, saketi zimeamka au hazikuamka? Swali lako ni kubwa kuliko hilo. Unataka kujua kama kifaa kitarusha ishara kwa saa 48 mfululizo kikiwa kinaelea majini, kwa sababu huo ndio muda wa chini ambao EPIRB inatakiwa kuumudu. Katika saa hizo kinatoa mpigo wa taarifa kwenye masafa ya 406 MHz kila baada ya sekunde 50 hivi. Mpigo mmoja ni wa nusu sekunde, lakini nguvu yake ni kama wati 5, na hapo katikati kifaa kinaendelea kutoa mlio wa kuongozea waokoaji kwenye 121.5 MHz na kuwasha taa yake ya kumweka. Betri iliyochoka inaweza kuutoa mpigo wa majaribio bila shida, halafu ikaishiwa nguvu kabla ya usiku wa kwanza kwisha.

Kupima volti kwa mita nako hakukusaidii. Betri za lithiamu za aina hii hushikilia volti karibu ileile tangu zikiwa mpya hadi zinapokaribia kufa, kisha zinaporomoka ghafla. Mita itasoma vizuri leo, na kesho kutwa ikasoma vizuri tena, na bado usijue kilichobaki ndani.

Ile tarehe ya Juni 2024 haikubandikwa ili kuwapa watu biashara. Mtengenezaji amepiga hesabu ya nguvu inayovuja yenyewe kifaa kikiwa kimekaa tu, akaongeza inayoliwa na majaribio ya kila mara, akaweka tarehe ambayo hadi kufika hapo saa 48 bado zimo. Ukiipita, hesabu hiyo haikulindi tena. Kifaa chako kimetumika, hujui mwenye nacho wa kwanza alikijaribu mara ngapi, wala hujui kilikaa kwenye joto gani. Joto huharakisha kuvuja kwa nguvu, na kibanda cha nahodha chenye paa la bati saa nane mchana hapa Mwanza unakijua mwenyewe.

Kuhusu betri anazotaka kukuwekea: pakiti ya mtengenezaji ina seli zilizochaguliwa kwa ajili ya kutoa mipigo ile mikali, zina kinga ya kuzuia shoti, na zimejaribiwa zikiwa pamoja na kifaa chenyewe, hata kwenye baridi kali. Seli za lithiamu za dukani zikiunganishwa kwa kuchomelewa risasi zinaweza kupata joto na kupasuka, na baadhi hutoa gesi yenye sumu. Kwenye boti ya mbao yenye madumu ya petroli, sitaki hata kulifikiria.

Sasa nikueleze kinachofanyika kwenye karakana inayostahili, ili siku ukienda ujue unalipia nini. Kufungua ni dakika chache. Kazi iko kwenye kufunga. Ile raba ya duara tunayoiita oringi hutupwa hata kama inaonekana nzima. Mfereji wake hufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, oringi mpya hupakwa grisi kidogo, ile tu iliyotajwa na mtengenezaji, na skrubu hukazwa kwa nguvu iliyopimwa. Kisha kifaa huzamishwa kwenye maji yenye joto kuliko mwili wake. Hewa iliyo ndani inatanuka, na kama kuna upenyo popote utaona viputo vikitoka mahali pamoja, kimoja nyuma ya kingine. Nimewahi kufuata viputo vya namna hiyo hadi kwenye maungio, nikafungua upya, nikakuta unywele mmoja umelala juu ya oringi. Kwa macho haukuwa unaonekana. Kifaa kile kingepakiwa kwenye boti hivyo kilivyo, maji yangeingia taratibu, na baada ya miezi kadhaa ungekuta kutu ya kijani imekula saketi huku kwa nje kinang'aa.

Baada ya hapo huwekwa ndani ya kasha la chuma linalozuia mawimbi yasitoke nje, kikawashwa. Mashine ya kupimia inasoma masafa kama yako sawa, nguvu kama inatosha, mlio wa 121.5 kama upo, na inafungua ule ujumbe wa kidijitali na kuuandika kwenye skrini. Ujumbe huo unalinganishwa na kilichoandikwa kwenye lebo. Mwisho unapewa cheti na lebo mpya yenye tarehe. Ukitoka kwa fundi bila karatasi inayoonyesha vipimo hivi, basi ulichofanyiwa ni kubadilishiwa betri tu.

Lakini kwako wewe betri si tatizo la kwanza. Mimi ningeanza na namba.

Tazama lebo ya kifaa chako. Utaona mfuatano wa tarakimu na herufi 15, namba 0 hadi 9 na herufi A hadi F. Huo ndio utambulisho wake, na ndani yake imo namba ya nchi. Tanzania tunatumia 674 na 677, Kenya 634, Uganda 675. Cha Uingereza kitakuwa na namba ya Uingereza, kati ya 232 na 235. Siku ukikiwasha katikati ya ziwa, setilaiti zitapokea ishara na taarifa itapelekwa kwa waokoaji wa eneo ilipotoka, lakini pia kwa nchi iliyomo kwenye namba. Waokoaji wakifungua daftari la usajili watakuta jina la boti ya mtu mwingine kabisa, pengine jahazi la starehe la faiba lenye mlingoti mweupe, na simu watakayopiga itapokelewa na mzee mmoja huko Uingereza aliyekwisha kuuza kifaa chake zamani. Ni sawa na kutembea na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Dakika zinazopotea hapo ni dakika ambazo watu wako wako majini.

Kwa hiyo kifaa kikienda karakana, waambie wakiandike upya kwa namba za Tanzania. Hilo hulifanyi wewe wala fundi wa mtaani. Linahitaji programu na ruhusa ya mtengenezaji. Kabla ya hapo nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, upate leseni ya redio ya chombo na namba ya utambulisho ya boti yenye tarakimu 9, kwa sababu mara nyingi namba hiyo ndiyo inayoingizwa ndani. Na nenda TASAC, ambao ndio wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini na uratibu wa uokoaji, uwaulize usajili wa EPIRB yako uingizwe wapi. Wape jina la boti, rangi yake, idadi ya abiria unaobeba, njia unayopita, na namba za simu za watu wawili wa nchi kavu ambao huwa wanajua uko wapi. Nasisitiza watu wa nchi kavu, kwa sababu nimeona fomu ambapo namba ya dharura ni ya nahodha mwenyewe. Huyo ndiye atakayekuwa majini. Kila ukibadilisha laini, kila ukipaka boti rangi nyingine, kawabadilishie taarifa. Na mtu aliyekuuzia mwambie afute usajili wake wa zamani.

Jambo lingine la kuangalia leo hii, kabla hujatoa hata shilingi: hakikisha kwenye lebo imeandikwa 406 MHz. Bado vinazunguka vifaa vya zamani vinavyorusha 121.5 peke yake. Setilaiti ziliacha kusikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009. Kama chako ni cha namna hiyo, hakuna huduma itakayokifufua.

Umeuliza kama kinafanya kazi ziwani. Kinafanya. Mfumo wenyewe unaitwa Cospas-Sarsat, ulianzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovieti mwaka 1979, ukaokoa watu wa kwanza mwaka 1982, na setilaiti zake zinaangalia dunia yote, bahari kwa ziwa. Hulipii kifurushi wala ada ya mwezi. Kama kifaa chako kina GPS ndani, waokoaji watapata mahali ulipo kwa tofauti ya takriban mita 100. Kama hakina, setilaiti zinakadiria zenyewe na tofauti inaweza kufika kilomita 5. Kwenye ziwa la kilomita za mraba 68,800, usiku, na dhoruba zetu hizi zinazopenda kuamka baada ya giza kuingia, kilomita 5 ni mbali mno.

Ila ziwa lina mambo yake mawili ambayo vitabu vya vifaa hivi, vilivyoandikwa kwa ajili ya bahari, huyapita haraka.

La kwanza ni swichi ya maji. Ubavuni mwa kifaa kuna vipande viwili vidogo vya chuma. Kifaa kikiwa kwenye breketi yake, sumaku iliyomo kwenye breketi inakizuia kisijiwashe hata kikinyeshewa. Kikitoka kwenye breketi na maji yakaunganisha umeme kati ya vile vyuma, kinajiwasha. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana kuliko maji baridi ya ziwa hili. Soma kitabu cha modeli yako uone mtengenezaji anasema nini juu ya maji baridi, na hata akisema hakuna neno, wafundishe mabaharia wako kuvunja lakiri na kuwasha kwa mkono. Wasisubiri kifaa kijifikirie.

La pili ni kifyatuo cha presha, kile kidude cha duara chenye kisu ndani kinachokata kishikizo boti ikizama ili EPIRB ielee. Hicho hakitegemei chumvi, kinategemea uzito wa maji, na hufyatuka kwenye kina cha kati ya mita 1.5 na 4. Meli ya chuma ikizama, inafika huko upesi. Boti ya mbao mara nyingi haizami. Inapinduka, inabaki inaelea chali, na kibanda chako kidogo hakifiki hata mita 2 chini ya maji. Hata chombo kikubwa kinaweza kubaki hivyo kwa muda: MV Bukoba ilipopinduka asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ilielea ikiwa imegeuka kabla ya kwenda chini. Kwa hiyo kwa boti kama yako mimi nashauri EPIRB ya kuchukuliwa kwa mkono, ikae karibu na usukani mahali ambapo mkono unafika hata boti ikilala ubavu, na kila safari awepo mtu mmoja aliyeambiwa kwa jina: likitokea la kutokea, hiki ni chako, unaruka nacho.

Kama utabaki na kifyatuo, kina maisha ya miaka 2 tangu siku ya kufungwa. Mwezi na mwaka wa mwisho unaonyeshwa kwenye lebo yake. Ukifika, kinabadilishwa, hata kama kinaonekana kipya. Kisipakwe rangi. Nimekuta vifyatuo vilivyopakwa bluu pamoja na ukuta wa kibanda, matundu ya kuingizia maji yamezibwa kabisa na mwenye boti anajivunia usafi. Na juu yake pasiwe na turubai wala paa, kwa sababu kitu kinachoelea kuja juu kikikuta paa kinabaki hapo chini ya paa.

Halafu kuna ile kamba nyembamba inayotoka kwenye EPIRB. Karibu kila boti ninayopanda naikuta imefungwa kwenye reli, eti kisiibiwe. Ifungue leo. Kamba ile ni ya kujifungia wewe au boya la kujiokolea mkiwa majini, ili kifaa kisipeperushwe mbali na watu. Ikifungwa kwenye boti, boti ikizama inakwenda nacho. Naelewa hofu ya wizi, inaeleweka kabisa kwenye mialo yetu. Dawa yake ni nahodha kushuka nacho mkononi kila jioni na kurudi nacho asubuhi. Kukifungia kufuli ndani ya sanduku ni hatari zaidi kuliko kuibiwa, maana aliyeibiwa angalau anajua hana.

Pa kupeleka: tazama jina la mtengenezaji, ulizia kituo alichokiidhinisha, anzia Dar es Salaam na Mombasa. Muulize kwanza bei ya pakiti ya betri pamoja na kuandika namba upya, kisha ulinganishe na bei ya EPIRB mpya. Kwa kifaa kilichotumika, kisicho na GPS, mara nyingi mpya ndiyo nafuu, na zipo ambazo betri yake inakaa miaka 10 badala ya 5. Ukiamua kununua, chukua yenye GPS. Za sasa nyingine zina AIS pia, yaani mtambo wa redio unaotangaza mahali ulipo kwa vyombo vya jirani, kwa hiyo meli iliyo jirani yenye mtambo huo itakuona kwenye skrini yake moja kwa moja, na zipo zenye kitaa kinachowaka kukujulisha kwamba ishara yako imepokelewa.

Ukikisafirisha, usikitupe tu kwenye buti la basi. Kiache kwenye breketi yake kama inawezekana, kifunge kisilowe, na andika juu ya boksi kwamba ndani kuna betri ya lithiamu. Kwa ndege kuna masharti maalumu ya mizigo ya hatari, kwa hiyo uliza kabla ya kwenda uwanjani. Kifaa kikijiwasha njiani, waokoaji watamfuata mtu aliyeko stendi ya Dodoma.

Kikirudi, utunzaji wake ni mwepesi. Mara moja kwa mwezi, inatosha: futa vumbi na kinyesi cha ndege kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kikiwa kwenye breketi, angalia nyufa, angalia antena haijapinda, soma tarehe mbili za betri na kifyatuo, kisha bonyeza kitufe cha kujaribu jinsi kitabu kinavyosema. Fanya jaribio ndani ya dakika 5 za kwanza za saa, yaani kati ya saa mbili kamili na saa mbili na dakika tano, kwa mfano, kwa ajili ya ule mlio wa 121.5 unaosikika na marubani wa ndege. Jaribio la GPS linakula betri zaidi, na modeli nyingine huweka ukomo wa idadi yake, kwa hiyo hilo lifanye mara chache kama ulivyoelekezwa. Usiwashe kwa ajili ya kuwaonyesha abiria. Mara moja kwa mwaka kipimwe na mwenye mashine, na kila miaka 5 kifanyiwe huduma kamili karakana.

Kikijiwasha kwa bahati mbaya, usikifiche wala usikitupe majini. Kizime, kikaushe, kirudishe kwenye breketi, kisha piga simu TASAC haraka uwape ile namba ya tarakimu 15 na useme hakuna dharura. Na kikishawaka kweli, hata kwa muda mfupi, betri ile usiitegemee tena mpaka fundi wa kituo ameiangalia.

Hadi kifaa chako kitakaporudi, safiri ukijua huna EPIRB. Simu ya kawaida iliyochajiwa, iliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji, inashika mtandao sehemu kubwa ya mwambao, na kwa ajali iliyo karibu na kisiwa, kumpigia mtu wa mwaloni mwenye boti yenye mashine kunaweza kuleta msaada mapema kuliko mfumo wowote. Redio ya VHF iwe chaneli 16. Jaketi okozi ziwe mwilini, zisiwe chini ya magunia. Taarifa ya hali ya hewa ya TMA isomwe kabla ya kung'oa nanga, na ikisema upepo mkali, abiria wakasirike mkiwa nchi kavu.

Ukiamua kuachana nacho, usikiuze kwa mwingine kilivyo, na usikitupe jalalani. EPIRB iliyotupwa na betri yake, mvua ikinyesha, inaweza kuanza kuomba msaada kutoka dampo. Mpe fundi wa kituo aiondoe betri, azibe ncha zake kwa tepu, na akupe maandishi kwamba kifaa kimezimwa moja kwa moja, ili ile namba ifutwe kwenye usajili.